Maharagi ya Filimbi

Juma lililopita nilikwenda kununua maharagi katika mtaa wa Lumumba, hapa hapa Bunia, na msichana anayeuza akaniuliza nataka ya aina gani. Alikuwa na mafungu manne juu ya gunia: ya manjano, meupe, yale makubwa yenye madoadoa, na pembeni fungu la maharagi madogo mekundu, ya mviringo kama shanga.

"Mama, chukua ya filimbi," alisema, akinionyesha yale madogo. "Inaiva mbio, haimalizi makala, moto kidogo tu."

Nilibaki nimesimama na mfuko wangu wazi. Nikamwuliza kwa nini yanaitwa ya filimbi.

"Ni jina yake tu. Hata mama yangu anaiita vile. Nikupimie kopo ngapi?"

Huenda nawe unayesoma umeyala maharagi hayo mara nyingi bila kujua. Kaa basi nikueleze polepole, maana mimi najua jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwetu. Na sehemu yake moja, tena ile mbaya, ilitoka mkononi mwangu.

Kwetu palikuwa mji mdogo wa ofisi, kusini mwa Bunia, kwenye njia ambayo malori yalipita kwenda Komanda. Ulikuwa na jina lake kwenye makaratasi, lakini sisi tulisema Posti tu, na kila mtu alielewa. Barabara ya udongo mwekundu iliukata katikati. Upande mmoja ulikuwa ku Leta, yaani upande wa serikali: nyumba tatu za matofali zenye barza ndefu, mikaratusi iliyopandwa kwa mstari, na nguzo ya bendera ikizungukwa na mawe yaliyopakwa chokaa. Upande wa pili ulikuwa wetu: soko, kanisa, shule, na nyumba za udongo zilizoshuka mpaka kijitoni.

Ofisini kulikuwa na mashine moja ya kuandika, na sauti yake ilifika mpaka sokoni. Tak, tak, tak, kisha kimya kirefu, kisha tak moja. Sisi watoto tulisema karani alikuwa anatafuta herufi na sasa ameiona. Wakati wa kiangazi vumbi lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya mikate iliyotoka kwenye mafuta. Mvua ikija, harufu ya mikaratusi ilishuka barabarani, na moshi wa babula, yale majiko ya makaa, ulilala chini, na ungeweza kujua bila kufungua jicho nani anapika sombe ya majani ya muhogo na nani ana samaki wa ziwani.

Lakini mji wetu ulijulikana kwa saa, na saa yetu ilikuwa bendera. Asubuhi ilipanda, saa kumi na mbili jioni ilishuka. Polisi mmoja, mwembamba kama ufito lakini mwenye mashavu makubwa, alikuwa na kazi hiyo. Alipuliza filimbi mara ya kwanza: kila mtu asimame. Bendera ikishushwa na kukunjwa, alipuliza mara ya pili: kila mtu aendelee. Kati ya filimbi hizo mbili hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Mwenye baiskeli alishuka. Lori lilizima. Aliyebeba mzigo kichwani alibaki nao kichwani. Mbuzi peke yao walikuwa huru dakika ile, na walijua, maana ndiyo saa waliyokuja kula mboga za watu sokoni huku wenye mboga wakiwatazama kwa uchungu.

Aliyetembea wakati wa bendera alipewa kupe-kupe, ule upanga mrefu wa kufyekea, na akafyeka majani mbele ya ofisi mpaka jasho limtoke. Sikumbuki mtu aliyefyeka majani hayo mara nyingi kuliko nyanya yangu.

Mji mzima ulimwita Koko. Aliuza maharagi pale mbele kabisa, mahali malori yaliposimama, na mlima wake wa maharagi mekundu ulionekana tangu daraja. Dereva alikuwa hajashuka bado, Koko amekwisha kushika kopo. Kaye zangu, yaani madaftari ya shule, biki zangu za kuandikia, viatu vyangu, vyote vilitoka katika mita mbili zile za ardhi. Taabu yake ilikuwa masikio. Nikueleze, maana watu wengi hawalijui jambo hili: masikio yakizeeka hayafi yote kwa mara moja. Sauti nene hubaki, sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda. Koko alisikia lori likiwa mbali. Alisikia ngoma ya kanisa. Mtu akimsema vibaya, hiyo alisikia vizuri sana. Lakini filimbi, yenye sauti nyembamba kama uzi, haikumfikia kabisa.

Kwa hiyo nikitoka shule nilikaa karibu naye, na filimbi ikilia nilimvuta kikwembe. Siku nilipochelewa kijitoni na bidoni ya maji, Koko alivuka barabara na basini, beseni lake la maharagi, kichwani, akapita katikati ya watu waliosimama kama miti, akiwasalimia mmoja mmoja na kushangaa kwamba hawajibu. Ikawa hivyo mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya pili shefu wa posti mwenyewe, mkubwa wa ofisi zile, alishuka kwenye barza.

"Koko," alisema, "mara ya tatu nakutoa hapa mbele. Utauzia kule nyuma, kwa wachinja nyama."

"Unasema nini, mutoto yangu?"

Polisi akainama, akayarudia maneno hayo sikioni mwake kwa sauti yote. Kule nyuma hakufika dereva yeyote. Walifika nzi na mbwa. Usiku ule hakumaliza bugali yake, na mimi nilitazama sahani na kuelewa.

Nilikuwa na miaka kumi, na nikaanza kufikiri. Kama masikio hayasikii, macho yanaona. Kwanza nilimwambia atazame bendera. Haikufaa, kwa sababu bendera huanza kushuka baada ya filimbi, na mtu anakuwa amekwisha kupiga hatua tatu. Nikamwambia atazame watu wengine. Haikufaa pia, kwa sababu wa mwisho kusimama ndiye anayekamatwa. Ndipo nikakumbuka mashavu ya polisi. Kabla sauti haijatoka, mashavu yalijaa kama ya chura.

Tulijifunza nyuma ya nyumba, kwenye shina la papai. Mimi nilisimama na kijiti mdomoni, Koko akatembea na basini tupu kichwani. Nikijaza mashavu, anasimama. Nikiyajaza tena, anatembea. Siku ya kwanza alicheka mpaka basini likaanguka. Siku ya tatu hakukosa hata mara moja.

"Ile mashavu yake naiona tangu soko," alisema. "Ikijaa, nasimama. Ikijaa tena, nakwenda. Weye uende kuchota maji na roho safi."

Juma zima likapita bila kosa. Kisha habari ikaja kwamba mkubwa fulani kutoka Bunia atatembelea Posti siku ya Jumamosi, siku ya soko, na atakuwapo jioni bendera ikishuka. Tuliitwa wote kwenye salongo, kazi ile ya pamoja. Tulifagia barabara, tukapaka mawe chokaa upya. Shefu wa posti alipita sokoni na kusema kwa sauti kwamba atakayetembea mbele ya mgeni asimwombe msamaha. Alisema hivyo akimtazama Koko.

Alhamisi mchana Koko alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa, akaniachia maharagi. Nikamwona polisi wa bendera ameketi juu ya jiwe nyuma ya gunia letu, filimbi iko mkononi, anaitikisa na kuitazama ndani.

"Afande, umepoteza nini?"

"Nimepoteza kazi yangu," alisema.

Ndani ya filimbi, kama hujawahi kuchungulia, mna kitu kidogo cha mviringo kinachocheza hewa ikipita, na hicho ndicho kinachoifanya ilie kwa nguvu. Chake kilikuwa kipande cha kizibo, kikachakaa, kikavunjika na kutoka vipande vipande. Alipopuliza, ilitoka hewa tu, fuuu, kama mtu anayepoza uji. Filimbi nyingine ilikuwa Bunia, na gari la kwanza la serikali kutoka Bunia lingekuwa la mgeni mwenyewe.

Nilitazama fungu la Koko. Nikachagua haragi moja, halikupita. La pili likakwama upande. La tatu, dogo, jekundu, la mviringo, liliingia kwenye ule mwanya na kusema tik.

Polisi akapuliza. Na sauti iliyotoka ilikuwa kali na nzuri kuliko ya zamani. Soko zima likasimama. Ilikuwa saa tisa mchana.

"Weye," mama mmoja muuza mafuta aliita bila kugeuza kichwa, akimaanisha bendera, "ni drapo gani ya saa hii?"

"Ni majaribio, mama. Mutembee tu."

"Filimbi ya pili iko wapi? Mimi sitembei bila filimbi ya pili, ukanipa kupe-kupe."

Ikabidi apulize tena ndipo wakaendelea. Aliniwekea mkono kichwani na kuniambia nimezaliwa na akili. Niliamini. Sikumwambia Koko, kwa kuwa nilichukua haragi lake bila kuomba. Laiti ningemwambia, hadithi hii isingekuwapo.

Ijumaa asubuhi filimbi ililia vizuri, jioni vizuri. Jumamosi asubuhi ilikohoa kidogo. Mimi sikujali. Nilikuwa na kazi zangu, na mojawapo, ile ya kila siku, ilikuwa kuloweka maharagi yetu ya kesho. Mchana ule niliyatia kwenye sufuria, nikamimina maji, nikafunika, nikavaa nguo ya shule na kukimbia, kwa sababu wanafunzi tuliitwa kupangwa mistari karibu na nguzo.

Mgeni alifika, tukamwimbia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye uchovu wa barabara, na alitembelea kila ofisi, hata karani akaandika mbele yake, tak, tak, tak, haraka kuliko tulivyowahi kusikia. Saa kumi na mbili ilipokaribia wakasimama wote chini ya nguzo. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Ng'ambo ya barabara soko lilikuwa limechemka: watu wa mashambani, mbuzi, lori moja la Komanda likiunguruma, wanawake wakifunga mizigo kwa makelele ya kuagana. Na Koko alikuwa ameinua basini lake na kuanza kuvuka. Sikuweza kumfikia. Hiyo haikunitia hofu, nilimwamini.

Polisi akaweka filimbi mdomoni, akajaza mashavu, akapuliza.

Fuuu.

Hakuna kitu. Nilisikia mimi na mstari wangu, sokoni hawakusikia hata mbwa. Na palepale niliiona ile sufuria yangu nyumbani, maharagi yakikaa ndani ya maji, yakinenepa polepole chini ya kifuniko kama kila siku ya maisha yangu. Haragi lile lilikuwa limekaa siku mbili katika mate ya polisi. Mimi, mjukuu wa muuza maharagi, niliyeloweka maharagi kila siku ya Mungu, sikufikiri kwamba haragi likilowa huvimba. Lilikuwa limejaa ndani ya filimbi kama mtoto aliyelala kitanda kizima.

Shefu wa posti aligeuka rangi. Bendera ikaanza kushuka, na soko likaendelea kupiga kelele mbele ya mgeni. Mtu wa kwanza ambaye macho ya shefu yaliangukia, katikati kabisa ya barabara, basini kichwani, alikuwa Koko.

Koko alikuwa amesimama.

Alikuwa amenyooka kama nguzo ya pili, mkono mmoja umeshika basini, macho yametulia kwenye mashavu ya polisi. Hakujua kwamba filimbi haikulia. Kwake filimbi haikuwahi kulia. Mashavu yamejaa, amesimama, basi.

Mama muuza mafuta ndiye aliyemwona kwanza, na baadaye alitusimulia alichowaza: kama hata Koko amesimama, basi sisi tumechelewa. Akaganda na chupa mkononi. Jirani yake akaganda. Ukimya ulienda kutoka kwa mtu hadi mtu, ukapanda sokoni mpaka kwa wachinja nyama, ukashuka mpaka darajani. Dereva wa lori alizima injini. Nikasikia kamba ikigusa nguzo, na mbuzi mmoja akitafuna kabichi.

Halafu kamba ikakwama. Bendera ilikuwa katikati ya nguzo, polisi anavuta, haiji. Alivuta, akalegeza, akamwomba Mungu kwa midomo. Watu walisimama na ndizi, na magunia, na watoto mgongoni. Hakuna aliyesogea. Mwishowe ikashuka, akaikunja, akaweka filimbi mdomoni kwa mara ya pili. Fuuu. Hakuna aliyesogea bado, maana hakuna aliyesikia. Nilimwona Koko anatazama mashavu yale yakijaa. Alishusha pumzi, akapiga hatua. Na alipopiga hatua, mji mzima ukatembea.

Mgeni aliitazama filimbi ile. Kisha akamgeukia shefu wa posti.

"Nimefika maposti mingi," alisema. "Pahali pote filimbi inalia na batu wanatembea tu. Hapa filimbi hailii na batu bote wanasimama."

"Ni mazoea, Ekselansi," alijibu shefu wa posti, na jasho likamshuka mpaka kwenye kola.

Mgeni alipoondoka polisi alivuka barabara mbio, akamshika Koko mikono yote miwili.

"Koko, umeniokoa."

"Nini?"

"Mi nasema umeniokoa!"

"Kopo moja? Leta mufuko."

Jioni ile nilimwambia ukweli wote, kuanzia haragi nililochukua. Alinisikiliza akinitazama mdomo. Nilingoja kiboko. Yeye alifunua sufuria, akachota haragi moja lililovimba, akaliweka katika kiganja changu.

"Haragi haisahau maji," alisema. "Na weye usiisahau." Kisha akaanza kucheka, na alicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, ikabidi nisimulie upya.

Jumatatu shefu wa posti alikuja mwenyewe mbele ya mlima wa maharagi. Alisema kwa sauti nene, ile ambayo Koko aliisikia, kwamba mahali pale ni pake mpaka atakapochoka mwenyewe. Polisi alipata filimbi mpya, na ile ya zamani akaiacha dirishani pa ofisi, mvua ikainyeshea. Baada ya siku chache chipukizi jeupe likachungulia kwenye mwanya. Watu walikuja kulitazama kama wanavyotazama mtoto mchanga. Koko alilipanda nyuma ya nyumba, na likazaa. Kuanzia hapo wateja hawakuomba tena maharagi mekundu. Walisema, "Koko, nipe ya filimbi." Madereva waliyabeba kwenda Komanda na Bunia, na jina likapanda lori pamoja na magunia.

Koko alilala kwa amani, kitandani pake, miaka michache kabla watu wa njia ile hawajaanza kukimbia vijiji vyao kwa ajili ya vita. Namshukuru Mungu kwa mpangilio huo. Leo Posti si Posti tena. Soko limeota majani ambayo hakuna anayepewa kupe-kupe ayafyeke. Wa kwetu wametawanyika. Wengine tumepata nyumba hapa Bunia, wengine wangali chini ya maturubai wakingoja kurudi kulima. Sauti ya ile mashine, moshi uliolala chini, ule ukimya wa jioni wa watu wote pamoja, vitu hivyo siwezi kukupeleka ukavione. Lakini sikiliza: mahali palikufa, jina likabaki sokoni, linauzwa kwa kopo, na linaiva mbio.

Nilimsimulia hayo yote yule msichana wa Lumumba, maharagi yangu yakiwa tayari mfukoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Mama, weye unajua kusimulia masolo," alisema akicheka. "Lakini iyo ni bongo, haiko kweli."

"Si bongo."

Sauti ilitoka kwenye meza ya jirani. Alikuwa mama mzee muuza ndizi, ambaye sikuwa nimemtazama hata mara moja. Alikuwa akijisugua shingo kwa kiganja.

"Mi nilikuwa pale," alisema. "Na basini ya ndizi kichwani, yenye kujaa. Ile kamba ilikwama, tukasimama, tukasimama. Shingo hii haijanyooka mpaka leo."

"Na juu ya nini haukutembea?" msichana akamwuliza. "Filimbi haikulia, si ndiyo?"

Mama mzee alimtazama kama mtu anayetazama mtoto asiyefundishwa.

"Nitembee namna gani?" alisema. "Koko alikuwa hajatembea."